Bata Aliyekuja na Kitunguu Chake

Chungu kiko jikoni, moto umeshika, maji yameanza kutoa mvuke. Ni Japani, katikati ya kipupwe, na theluji imelala juu ya mapaa. Mwenye nyumba amejikunyata kando ya moto anapapasa tumbo. Chungu anacho, maji anayo, moto anao, ila cha kutia chunguni hana. Mara mlango unagongwa. Ko, ko, ko. Anafungua. Kizingitini amesimama bata mwitu, mnene, kifua mbele, na mgongoni amebeba kitunguu.

Chekeni tu, hata Wajapani huchekea papo hapo.

Kwanza nikwambieni ni kitunguu gani, maana najua mmeshaona akilini kile cha mviringo, cha kukatia kachumbari. Siyo hicho. Wajapani wana kitunguu kinachoitwa negi: kirefu, chembamba, chini shina jeupe, juu majani ya kijani, kama vile vitunguu vya majani vinavyofungwa mafungu sokoni, ila hiki ni kikubwa zaidi, kinaweza kufika urefu wa mkono wako kutoka begani hadi vidoleni. Kikikatwa vipande na kuchemshwa pamoja na nyama ya bata, ule ukali wake unapunguza mafuta ya nyama, na nyama nayo inakipa kitunguu utamu. Wapishi wa Japani hawapendi kuvitenganisha viwili hivi. Hata kwenye bakuli la tambi za soba mtavikuta pamoja.

Basi Wajapani wana msemo wao: bata amekuja amebeba negi mgongoni. Wanausema pale bahati inapomjia mtu ikiwa imekamilika, haijapungua kitu. Ulikuwa unataka nyama tu, kiungo nacho kikaja chenyewe. Vijana wa mjini wangesema hilo ni zali.

Lakini msemo huo una mwiba ndani yake. Kwa Kijapani, bata mwitu huitwa kamo, na neno hilohilo hutumika kwa mtu mjinga mjinga, yule ambaye matapeli wakimwona tu wanapeana ishara kwa macho. Sisi husema huyo ni wa kuingizwa mjini. Kwa hiyo bata aliyebeba kitunguu ni mtu aliyejipeleka mwenyewe kwa wanaomla, tena akawapelekea na kiungo cha kumpikia. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, kwa sababu mgeni akija kuku huchinjwa na nyumba nzima inashiba. Yule bata wa Kijapani ndiye mgeni, ndiye kuku, na njiani kapitia sokoni.

Msemo ukitumika sana hukatwa. Wajapani wakachoka kuusema wote, wakachukua kamo, wakachukua negi, wakaviunga: kamonegi. Ukimwambia mtu hivyo, kaelewa hadithi nzima.

Sasa shikeni neno hilo. Kamonegi.

Tarehe 27 Februari 1996, huko huko Japani, ulitoka mchezo wa kuchezwa kwenye Game Boy, ile mashine ya mkononi ya Nintendo yenye kioo kidogo na vivuli vinne tu, kutoka kweupe hadi kweusi. Mchezo ulikuja kwa matoleo mawili, Red na Green, na jina lake tunalijua leo kwa kifupi: Pokémon. Aliyeuwaza ni Satoshi Tajiri, mzaliwa wa 1965, ambaye utotoni alikuwa mwindaji wa wadudu. Alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikamata mende wa porini na wadudu wa madimbwini, mpaka madimbwi yakafukiwa na nyumba zikajengwa juu yake. Alipokuwa mkubwa akaona kebo inayounganisha Game Boy mbili, akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka mashine hii kwenda ile. Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa: unatembea majanini, unakutana na kiumbe, unapigana naye hadi achoke, unamtupia mpira, anaingia, anakuwa wako. Kisha unabadilishana na mwenzako kwa kebo.

Viumbe wa kwanza walikuwa 151. Leo wamepita 1,000, na mkitaka niwataje wote tutalala hapa. Mimi nina shida na mmoja tu, namba 83.

Namba 83 ni bata wa rangi ya kahawia. Kimo chake sentimita 80, uzito kilo 15. Mdomo wa njano, na juu ya macho ana alama nyeusi kama herufi V, inayomfanya aonekane amekunja uso hata akiwa hana ugomvi na mtu. Na ubawani, akikishika kama vile mzee anavyoshika bakora, ana shina la kitunguu.

Jina lake? Kamonegi.

Mnaona walichofanya? Walichukua msemo wa jikoni, wakaupa miguu na mabawa, wakauachia majanini. Mtoto wa Kijapani aliyewasha Game Boy yake mwaka ule, akaona jina na picha, hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alikwisha kumsikia bibi yake akimsema bata huyo. Ni kama wewe ukutane kwenye mchezo na kiumbe anayeitwa Sikio la Kufa.

Lakini waliomtunga hawakuishia kwenye kichekesho, na hapa ndipo mimi nilipompenda bata huyu. Ndani ya mchezo kuna kamusi ya viumbe, Pokédex, na kila unayemkamata anaandikiwa humo habari zake kwa maneno machache. Habari za kwanza za bata wetu zilisema kwamba kile kitunguu ni silaha yake, na kwamba anakichezesha kama upanga wa chuma.

Ngojeni kidogo, msikimbilie mbele. Kitunguu ni cha nini katika msemo? Ni cha kumpikia. Ndicho kinachomfanya bata awe wa kuchekwa: anabeba mwenyewe kiungo cha mchuzi wake. Waliomtunga wakamwachia kitunguu kilekile, hawakumnyang'anya, hawakumpa mkuki wala jiwe. Wakambadilishia tu namna ya kukishika. Kilikuwa mgongoni, sasa kiko ubawani. Yule mwenye chungu akifungua mlango na kisu mkononi, atamkuta bata naye kasimama na upanga.

Toleo la Yellow, lililotoka Japani mwaka 1998, liliongeza kwamba bata hawa wanaishi penye mimea ya matete, kwamba ni nadra kuonekana, na kwamba inadhaniwa idadi yao inapungua. Kamusi haikusema kwa nini. Mimi nitawaelekeza tu mkakitazame tena kile chungu.

Unadra huo haukuwa maneno matupu. Watoto wa Marekani walipopata mchezo mwishoni mwa 1998, kwa matoleo ya Red na Blue, wangeweza kuzunguka majani yote ya nchi ile ya kubuni wasimkute bata hata mmoja. Njia ya kumpata ilikuwa moja. Kwenye mji wa bandari unaoitwa Vermilion kulikuwa na nyumba, ndani ya nyumba mtu, na mtu huyo alikuwa anataka Spearow. Spearow ni kidege kikorofi kinachopatikana kila kichaka, ukikitafuta unakipata, usipokitafuta kinakutafuta. Ukimpa kimoja, anakupa bata. Shomoro kwa bata! Biashara ya namna hiyo mimi katika maisha yangu sijawahi kuiona.

Bata alikuja na jina alilokwisha kupewa, DUX, na huwezi kulibadilisha, kwa sababu katika mchezo ule jina hubadilishwa na mmiliki wa kwanza pekee. Kwa Kilatini neno hilo ni kiongozi, na kwa masikio ya Mwingereza linasikika kama mabata. Basi watoto wengi sana wakatembea na Kiongozi Mabata mfukoni.

Vitani je? Tusidanganyane, watoto. Vitani hakuwa kitu. Kila kiumbe katika mchezo ana namba zinazoeleza uhai wake, nguvu zake, kinga yake na kasi yake. Bata wetu alikuwa na nguvu 65 na uhai 52, wakati majoka na majitu ya mchezo uleule yalikuwa na namba zinazopita 100. Upanga alikuwa nao, mkono ndio haukuwepo. Kazi aliyoiweza ni ya tarishi: alijifunza kukata vichaka vinavyoziba njia, na alijifunza kukubeba angani kutoka mji hadi mji. Viumbe wanaoweza yote mawili ni wachache, kwa hiyo alikaa kwenye kundi kama yule kijana wa nyumbani anayetumwa dukani kila saa, lakini siku ya harusi hapigwi picha.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa jina. Kamonegi likitoka Japani linakufa njiani, maana msemo haupandi meli. Mtoto wa Marekani akimwona bata na kitunguu, anaona bata na kitunguu, basi. Atauliza: kwa nini kitunguu? Na hakuna bibi wa kumjibu.

Mnataka kuona uzito wa jambo hili? Haya, tutunge wetu. Tunao msemo, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tuchukue kuku, tumfunge kamba mguu mmoja, tumwite Kukamba. Anakimbia, kamba inamfuata. Akikasirika anaizungusha ile kamba mpaka inapiga mluzi, anamfunga nayo adui miguu yote miwili. Wewe umeshacheka, kwa sababu umewahi kumwona kuku aliyeletwa jana akiwa amefungwa kwenye mguu wa meza asirudi alikotoka. Sasa mpeleke Kukamba Japani. Mtoto wa huko atamtazama kuku, ataitazama kamba, atauliza: nani amemfunga, na kwa kosa gani?

Ndivyo walivyokaa wafasiri na bata wetu. Waingereza na Wamarekani wakaachana kabisa na mboga, wakamwita Farfetch'd, kutokana na neno lao linalotumika kwa jambo lisiloaminika, jambo lililokokotwa kutoka mbali. Kwamba bata anajileta mwenyewe na kitunguu chake, nani ataamini? Herufi 9 na alama moja juu, jumla 10, na 10 ndiyo nafasi yote iliyokuwepo kwenye mashine kwa ajili ya jina. Wajerumani wakaunga jina la kitunguu na jina la bata, wakapata Porenta. Wakorea, ambao wanakipika kitunguu hicho kila siku, wakafanya vivyo hivyo, Paori. Wafaransa, ah, Wafaransa wakambadilishia hata mboga! Canarticho ni bata wa artichaut, ua moja lenye magamba ambalo wao hulichemsha na kulinyonya jani moja moja. Ukimtazama bata mkononi ana kitunguu, ukimwita jina ana ua.

Mimi kwa Kiswahili ningemwita Batunguu. Herufi 8. Zinaenea na nafasi inabaki.

Mwaka 1999 Japani ikapata michezo mipya, Gold na Silver, na humo bata akapewa hadithi yake mwenyewe. Ni hadithi ya mkaa, kwa hiyo sogeeni.

Kuna mji mdogo, Azalea, na pembeni yake msitu mnene, Ilex, ambamo hata mchana ni giza. Mjini anakaa fundi wa kuchoma mkaa. Mkaa unataka magogo, magogo yanataka kukatwa, na mkataji wa fundi huyu si mtu mwenye shoka, ni bata mwenye kitunguu. Siku moja anamtuma kijana wake msituni na bata. Kijana anampoteza. Unapofika wewe, unamkuta kijana anahangaika mlangoni mwa msitu, hathubutu kurudi kwa bosi wake mikono mitupu. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka mbuzi wa watu malishoni akarudi na pungufu ya mmoja, anaijua hali hiyo.

Unaingia msituni, unamwona bata. Ukimwendea kwa mbele, anakimbia. Ukimzungukia, anageuka.  Kumbe dawa ni upande unaomjia. Unamjia kwa huku, naye anakimbilia unakotaka akimbilie. Hatua kwa hatua unamswaga mpaka kwa kijana wake, kama unavyomrudisha bata bandani jioni: hukimbizani naye, unamzibia njia zote mpaka ibaki ile ya mlangoni. Fundi wa mkaa akipata habari anakufundishia viumbe wako ujuzi wa kukata vichaka. Michezo hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2009, wakaweka mabata wawili wa kuswaga badala ya mmoja.

Ni kisa kidogo, dakika 10 hazifiki, lakini wengi waliocheza wanakikumbuka kuliko vita vikubwa vya mchezo huo. Pengine ni kwa sababu humo bata hapigani na mtu. Ana kazi, ana bosi, ametoroka kazini.

Halafu akakaa. Michezo ikaja na kupita, viumbe wakaongezwa mamia kwa mamia. Mnajua kwamba wengi wao hukua na kugeuka umbo: kiwavi anakuwa kipepeo, samaki dhaifu anakuwa joka. Baadhi ya wenzake wa siku za kwanza waliokuwa hawana pa kukulia waliongezewa hatua, mmoja baada ya mwingine. Bata yeye akabaki bata. Mwaka 2016 wakamwongezea nguvu kutoka 65 hadi 90, ikawa kama mtu aliyengoja kupandishwa cheo miaka 20 akaongezewa nauli ya basi.

Mwaka huohuo wa 2016 ukatoka mchezo wa simu, Pokémon GO, ule wa kutembea barabarani kwa miguu ukitafuta viumbe kwenye ramani ya kweli. Humo viumbe kadhaa waligawiwa sehemu za dunia. Bata akaachwa kwao, upande wa mashariki ya Asia: Japani, Korea Kusini, Taiwan, Hong Kong. Aliyekuwa Ulaya au Amerika akimtaka ilibidi apande ndege. Afrika nasi baadaye tukapewa wetu, Tropius, mnyama mwenye shingo ndefu na majani mgongoni, aotaye matunda kidevuni yanayofanana sana na kichane cha ndizi mbivu. Sikulalamika. Ndizi tunazijua.

Tarehe 15 Novemba 2019 ikatoka michezo ya Sword na Shield. Nchi ya kubuni ya mara hii iliitwa Galar, na imechorwa kwa kuitazama Uingereza, ramani imegeuzwa juu chini. Sasa kumbukeni kwamba negi si mboga ya jadi Uingereza. Kuna binamu yake, liki, ambaye ni mnene, mzito, shina lake linaweza kulingana na kifundo cha mkono wa mtu mzima. Na katika nchi moja ya ufalme ule, Wales, liki si mboga tu, ni nembo ya taifa. Tarehe 1 Machi, siku ya Mtakatifu David, watu huibandika kifuani. Hadithi ya zamani ya huko inasema askari wa Wales waliingia vitani wakiwa wamechomeka liki kwenye kofia zao ili wasipigane wao kwa wao.

Bata akaja na kitunguu chake cha jikoni, akafika mahali ambapo kitunguu ni cha vitani.

Bata wa Galar basi si yule wa matete. Ni mweusi zaidi, nyusi nene zimekunjamana, na liki yake ni ndefu kumpita yeye mwenyewe, anaiburuta chini. Kilo 15 zimekuwa 42. Haruki tena kama ndege, ni mpiganaji mtupu. Na yeye, mara ya kwanza tangu 1996, anaweza kukua. Lakini sharti lake lina hesabu ndani, na hesabu yake ni tamu, kwa hiyo leteni vidole.

Katika michezo hii pigo lolote linaweza, kwa bahati, kuangukia pale hasa panapouma. Tuliite pigo la shabaha. Linaumiza mara moja na nusu ya pigo la kawaida. Kwa kawaida, katika Sword na Shield, hutokea mara 1 katika mapigo 24. Bata wa Galar anatakiwa apige mapigo ya shabaha 3 ndani ya pambano moja. Ukimtegemea bahati tupu, uwezekano wa kupiga 3 mfululizo ni 1 katika 24 mara 24 mara 24. Fanyeni polepole. Ni 13,824. Utazeeka na kidude mkononi.

Lakini kuna kitu unaweza kumpa bata akishike, na kitu hicho kikiwa kwake, shabaha inapanda kutoka 1 katika 24 hadi 1 katika 2, sawa na kurusha sarafu. Mara 2 mara 2 mara 2 ni 8. Kutoka 13,824 hadi 8! Na si lazima hata yafuatane, bora tu pambano lisiishe. Kitu gani hicho cha ajabu?

Liki, kitunguu chake mwenyewe.

Akishapiga la tatu, pambano likiisha anageuka. Manyoya yanakuwa meupe, kifua kinavimba, na ile liki aliyokuwa akiiburuta sasa ameinyanyua: shina amelishika kama mkuki wa farasi, na jani moja pana amelikunja ubawa wa pili likawa ngao. Kwa Kiingereza anaitwa Sirfetch'd, kwa sababu Sir ni heshima wanayopewa mashujaa wa kifalme wa Uingereza. Herufi na alama yake ni 10 tena, nimehesabu. Nguvu zake 135. Kimo ni kilekile, sentimita 80, hajaongezeka hata kidole, ila uzito umefika kilo 117. Mifuko miwili ya saruji na kilo 17 juu yake, yote ndani ya bata asiyefika kiunoni mwa mtu mzima. Ana pigo lake moja ambalo akilipiga, zamu inayofuata hawezi kufanya lolote, anasimama tu anahema. Na kumpata lazima uwe na Sword, maana kwenye Shield hayumo majanini. Watoto wa Shield wanarudi kulekule kwa Satoshi Tajiri: mtafute mwenzako, mbadilishane.

Wajapani wao walimwita Negiganaito. Naito ni namna yao ya kutamka neno la Kiingereza la askari wa farasi wa zamani, kwa hiyo ni shujaa wa kitunguu. Lakini likate jina hilo mahali pengine, negi ga nai to, nalo linakuwa Kijapani cha kawaida kabisa, mwanzo wa sentensi isiyoisha: kitunguu kisipokuwepo...

Kamusi ya mchezo ndiyo inayoimalizia. Inasema liki ya shujaa huyu ikinyauka, anastaafu vita. Haombi nyingine. Anaiweka chini.

Binamu yake wa kule kwenye matete, yule wa kilo 15, hana makuu hayo. Kamusi ya siku za Gold inasema yeye njaa ikimbana sana, anakitafuna kitunguu chenyewe, upanga wote, kuanzia majani hadi shina. Akimaliza, anafuta mdomo na kuanza kukimbia huku na huku kutafuta kingine, mbio kwelikweli, kabla hajatokea mtu mwenye chungu akamkuta yuko mikono mitupu.